Saini ya Oda: Muda Unapotelea Wapi Hasa

Alasiri moja kijana wa jirani alinijia barazani, hapa Langoni, kompyuta kwapani. Ameandika programu ya kununua na kuuza sarafu za kidijitali, lakini kila bei anayoilenga anaikuta imeshapita. "Ami," akaniambia, "tatizo ni mtandao wa Lamu. Tuko mbali mno."

Hiyo ndiyo dhana ninayoisikia zaidi, na nusu yake ni kweli. Ndani ya nyuzi za kioo mwanga huenda kilomita 200 hivi kwa milisekunde 1. Tuseme seva za soko ziko Tokyo: kutoka hapa hadi huko, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 10,000. Ombi likienda na jibu likirudi haiwezi kuwa chini ya milisekunde 100, na kebo hazipiti mstari ulionyooka. Hapo hakuna msimbo utakaokusaidia.

Nusu ya pili ndiyo inayoniuma, kwa sababu vijana wetu wanailaumu bahari kwa muda uliopotea mezani kwao. Kila oda hutiwa saini ya kidijitali, hesabu inayolithibitishia soko kwamba oda imetoka kwako. Tuliweka vipimo viwili vya muda katika programu yake, kimoja kabla ya mstari wa msimbo unaotia saini na kimoja baada yake. Kila saini ilikula makumi ya milisekunde kabla ombi halijatoka kompyutani. Ni kutweka tanga na nanga ingali chini.

Dhana: saini ni saini, zote zina uzito mmoja.

Hapana. Masoko mengi hutumia HMAC, njia iliyoandikwa rasmi mwaka 1997 katika RFC 2104, mojawapo ya nyaraka za kanuni za intaneti. Unachanganya ujumbe na ufunguo wa siri, na kazi inaisha kwa mikrosekunde chache. Kama soko lako ni la namna hiyo, usipoteze usiku mzima kuharakisha saini, hutaona tofauti. Soko la kijana huyu lilidai saini ya ECDSA, aina nzito zaidi inayotumia hesabu za mkunjo, na mkunjo wenyewe ni secp256k1, uleule wa Bitcoin. Huko kila saini ni kuzidisha nukta ya mkunjo kwa namba ya biti 256, na maktaba ya msimbo aliyokuwa nayo ilifanya hesabu yote kwa Python tupu, lugha ya programu iliyo polepole kwa kazi hiyo. Watunzaji wa CCXT, maktaba inayotumiwa sana kuzungumza na masoko haya, wanataja milisekunde 45 kwa saini ya namna hiyo, na chini ya 0.05 ukiweka maktaba nyingine iitwayo coincurve. Coincurve inaikabidhi hesabu kwa libsecp256k1, iliyoandikwa kwa lugha ya C, iliyo ya kasi, na watu wa Bitcoin Core, programu kuu ya Bitcoin. Hesabu ni ileile na usalama haupungui.

Sasa piga hesabu ya oda 20 zinazofuatana: 45 mara 20 ni milisekunde 900. Oda ya mwisho inangoja karibu sekunde nzima bila kugusa mtandao.

"Lakini nimeandika kwa asyncio," akasema. Nayo ni dhana. Asyncio, njia ya Python ya kushughulikia kazi nyingi kwa zamu, hukusaidia programu inapongoja jibu la mtandao. Wakati wa kupiga hesabu, mzunguko mzima wa zamu hizo umesimama: bei mpya zimefika, zimepanga foleni, hazisomwi. Yaani unaamua kwa bei ya zamani kisha unachelewa kuipeleka.

Wengine huamini kwamba saini ya haraka ni saini dhaifu. Ed25519, aina nyingine ya saini, hutia saini haraka kuliko RSA, aina ya zamani, ya biti 2048, na saini yake ni baiti 64 badala ya 256, bila kuwa dhaifu kuliko hiyo RSA. Soko la Binance, linalokubali HMAC, RSA na Ed25519, linapendekeza Ed25519.

Na kutia saini mapema, uziweke akiba? Haifai kwa ombi lenye muhuri wa saa. Binance, kwa mfano, kwa kawaida hulikataa ombi lililochelewa zaidi ya milisekunde 5000, na lililotangulia saa ya seva kwa zaidi ya 1000 pia.

Muunganisho nao usiufungue upya kwa kila oda. Hata kwa TLS 1.3, toleo la kasi la itifaki ya kuusimba muunganisho, muunganisho mpya unadai safari mbili za kwenda na kurudi kabla ombi lenyewe halijaondoka. Mpaka Tokyo hizo ni milisekunde 200 kwa uchache.

Dhana inayonitisha nimeiweka mwisho. Kila saini ya ECDSA inahitaji namba ya siri ya mara moja, na kuitayarisha kunachukua sehemu kubwa ya kazi. Basi mtu hujiambia: niikokotoe mara moja, niitumie kila oda. Saini mbili zenye namba hiyo moja zinatosha mtu kuupata ufunguo wako wa siri kwa hesabu za aljebra ya shule. Mwaka 2010 ufunguo wa Sony wa PlayStation 3 ulifumbuliwa hivyo. Mwaka 2013 watu waliibiwa Bitcoin kwenye pochi za Android, kwa kuwa namba zilizopaswa kuwa za nasibu zilijirudia. Mwaka huohuo ilitoka RFC 6979, inayoitoa namba hiyo kutoka kwa ujumbe na ufunguo wenyewe, na libsecp256k1 huifuata bila kuambiwa.

Kijana alikuwa ameshaandika mistari mitatu ya kuitumia tena namba ile. Tuliifuta palepale barazani, tukaweka coincurve, na ufunguo aliokuwa akiufanyia majaribio akaubatilisha sokoni, akatengeneza mwingine kabla ya adhana ya Magharibi.