Stadi za kijamii kwa mtoto mwenye usonji: siyo adabu, ni kitu chengine

Ukisikia "stadi za kijamii" kwenye kikao cha wazazi skuli usidhani wanaongelea adabu. Huku kwetu Unguja na Pemba tunavichanganya sana hivi viwili, mtoto haitikii salamu keshaitwa jeuri, mara mamake kamdekeza, kumbe mtoto ana usonji, ndo hiyo wengine wanaita otizimu, na salamu yenyewe kwake ni mtihani.

Stadi za kijamii ni ule ujuzi wa kukaa na watu ambao wengi wetu tumeuokota tu bila mtu kutukalisha chini: kujua sasa zamu yangu kusema, huyu anatania, yule kakasirika kweli, nikitaka kucheza naingiaje. Mwenye usonji mara nyingi haokoti hivyo, anataka aambiwe wazi na kidogo kidogo. Ubongo wake ndo ulivyo, si malezi mabaya.

Chukua shikamoo. Unamwambia "sema shikamoo", na yeye anajibu "sema shikamoo", neno kwa neno, baraza zima linacheka. Hafanyi mzaha jamani, anarudia alichosikia, na kwa watoto wengi kurudia huko ndo njia ya kuingilia kwenye mazungumzo. Bora usimame ubavuni kwake, wewe mwenyewe umwamkie mkubwa, "shikamoo", bila ile "sema", halafu usubiri. Subiri kweli, usimdakie.

Halafu kuna hili la macho. Miongozo mingi ya Ulaya na Marekani ilikuwa inasisitiza mtoto afundishwe kumtazama mtu machoni, sasa huku mtoto anayemkodolea macho mwalimu si ndo ataambiwa hana adabu? Na watu wazima wenye usonji wengi wanasema wakilazimishwa kutazama macho hata kusikiliza wanashindwa. Mie hilo naliacha kabisa.

Pahala pagumu ni risesi, ule muda wa mapumziko. Darasani angalau kuna kengele, kuna benchi lake, anajua kinachofuata. Nje ni kelele na kila mtu na lake. Kumwambia "nenda kacheze na wenzio" hujamsaidia kitu, rede ina sheria ambazo hakuna aliyeziandika: nani anarusha, nani yuko kati, ukipigwa na mpira unatoka na hulii. Mwalimu akimchorea picha nne tano, moja kila hatua, na wakazipitia kabla kengele haijalia, mtoto anaingia uwanjani anajua kinachomngoja. Mwalimu mmoja wa Marekani, Carol Gray, alianza mambo kama haya mwanzoni mwa miaka ya 1990, hadithi fupi za kumweleza mtoto tukio litakwendaje na watu watatarajia nini. Karatasi na penseli vinatosha, hata kwenye darasa lililofurika.

Lakini ukimfundisha yeye peke yake umefanya nusu ya kazi. Damian Milton, mtafiti wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku ni kwa pande mbili, yeye hatuelewi na sisi pia hatumwelewi, ila lawama tunamtupia yeye. Ndo maana elimu mjumuisho, ile ya watoto wote kusoma pamoja, haiwezi kuwa kumkalisha tu kwenye darasa la kawaida basi ikaisha. Wenzake nao wafundishwe: kusema kwa maneno mafupi, kutomvuta mkono, kutocheka akiziba masikio. Chagua wawili watatu wapole, wapokezane kukaa naye, asiachiwe mmoja akachoka.

Na akitaka kukaa peke yake chini ya mwembe risesi nzima, huenda anapumzika na makelele ya darasani, mwachieni. Mwenzake amuulize mara moja tu, "unacheza?", akisema sitaki basi hataki, kesho ataulizwa tena.