Muziki wa gemu za zamani za Kijapani ulikuwa na watunzi

Wapo wengi wanaoamini kwamba muziki wa gemu za Kijapani za miaka ya 1980 haukuwa na mtunzi: ama mashine iliutoa yenyewe, ama mwandika programu aliubandika mwishoni. Imani hiyo ina chanzo kinachoeleweka. Gemu nyingi hazikutaja mtunzi, na nyingine ziliweka majina ya utani, kwani kampuni zilihofia wafanyakazi wao kunyakuliwa na washindani.

Watunzi walikuwepo, wengi wakiwa waajiriwa wa mshahara, na baadhi yao walisomea muziki chuoni. Kazi yenyewe haikuwa lelemama. Famicom, mashine ya gemu ya nyumbani ya kampuni ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983, ilikuwa na njia tano tu za sauti: mbili zilizobeba zaidi melodi, moja iliyozoeleka kwa besi, moja ya mchakacho iliyoshika nafasi ya ngoma, na moja ya vipande vilivyorekodiwa. Mlio wa risasi ukihitaji njia, noti ya muziki ilikatwa kuupisha. Juu ya hayo, noti ziliingizwa kama namba au msimbo.

Ukitaka kuhakiki nani alitunga nini, usitegemee jina la kwenye skrini pekee. Soma kijitabu cha albamu ya muziki wa gemu hiyo, kisha mahojiano ya mtunzi mwenyewe. Orodha za mashabiki husaidia, ila hunakiliana. Tovuti tatu zenye kauli moja huenda zina chanzo kimoja. Zipo pia programu za bure zinazopiga muziki huo na kukuruhusu kuzima njia ya sauti moja moja: zima besi, usikie wimbo unavyopwaya.