Kuandika dayari sio kujitonesha kidonda

Huku Dodoma nasikia sana, hasa kwa vijana wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), eti ukiandika machungu yako ndo unayazidisha, bora ukae kimya yapite. Jamani hapana, hiyo ni nusu tu ya ukweli.

Mwaka 1986 watafiti wa saikolojia wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, waliwaambia wanafunzi wa chuo waandike dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo, wengine jambo lililowaumiza sana maishani na wengine vitu vya kawaida tu kama viatu walivyovaa. Wa machungu walimaliza wakiwa na huzuni zaidi, ndo hiyo nusu ya ukweli, ila miezi iliyofuata wale walioandika tukio pamoja na hisia zao walienda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao.

Kwahiyo ukiandika tu "leo nimegombana na dada, nimelala" hujafika popote. Andika ulijisikiaje, kwanini iliuma hivyo, na hali kama hiyo ulishaipitia wapi, maana tafiti za baadae zilionyesha walionufaika zaidi ni ambao siku hadi siku walianza kuunganisha sababu za mambo, sio kurudia lawama zilezile.

Na si lazima kila siku. Kaunta buku la pale Majengo linatosha, changanya Kigogo na Kiswahili kama ndo unavyowaza. Ila jambo likiwa bichi mno hadi unatetemeka ukishika kalamu, liache kwanza, tafuta mtu unayemwamini uongee nae.