Je, hulka ya taifa ndiyo huamua uchumi wake?

Wengi huamini kwamba kila taifa lina hulka yake: hawa wachapakazi na waweka akiba, wale wavivu na wapenda anasa, na uchumi hufuata hulka hiyo. Si ajabu imani hii imedumu, kwani tofauti za maisha huonekana kwa macho; chanzo chake ndicho hakionekani.

Shida ni kwamba hulka yenyewe haitulii. Katikati ya miaka ya 1970, kaya za Japani ziliweka akiba zaidi ya asilimia 20 ya mapato yao, na sifa hiyo ikahesabiwa kuwa asili ya Wajapani. Kufikia 2008 kiwango kilikuwa chini ya asilimia 5. Watu ni walewale, ila wazee wameongezeka, nao hutumia walichoweka, na mishahara ilidumaa. Korea iligawanywa mwaka 1945: lugha moja, historia moja, leo vipato viko mbali mno. Na uvivu? Kwa kawaida watu wazima wa nchi maskini hufanya kazi saa nyingi zaidi kuliko wa nchi tajiri.

Mazoea na kuaminiana vina nafasi yake, sikatai, lakini navyo hubadilika sheria, benki na bei zikibadilika.

Ukisikia "watu wa kule ndivyo walivyo", uliza: tangu lini? Tafuta takwimu za miaka 40 au 50, si za mwaka mmoja. Kisha angalia wahamiaji wa taifa hilohilo wanavyoishi kwingine.