Kanzi ya maarifa inapopata habari inayoipinga

Tuchukue kanzi ndogo ya maarifa, yaani mkusanyo wa kauli ambazo kompyuta huzitumia kufikia hitimisho, kuhusu samaki silikanti, kama ambavyo ingeandikwa mwaka 1937. Ina kauli mbili. Ya kwanza: samaki wasio na visukuku vya baada ya enzi za dinosaria wametoweka. Ya pili: silikanti hawana visukuku hivyo. Kompyuta inahitimisha yenyewe: silikanti wametoweka. Desemba 1938, mmoja akavuliwa Afrika Kusini.

Ukiongeza habari hiyo bila kugusa kitu, kanzi itakuwa na mkinzano, na katika mantiki ya kawaida mkinzano unathibitisha lolote lile, hata kwamba silikanti ni ndege. Kufuta "wametoweka" peke yake pia hakusaidii, maana kauli mbili zilizoizaa bado zipo na zitaizaa tena. Lazima mojawapo iondoke. Ipi?

Mwaka 1985 swali hili lilipata msingi wa kimantiki kutoka kwa Carlos Alchourrón, mwanasheria wa Argentina, Peter Gärdenfors, mwanafalsafa wa Sweden, na mwanamantiki David Makinson. Alchourrón na Makinson walikuwa wameanzia kwenye sheria: kifungu kilichofutwa huweza kurudi kwa mlango wa nyuma kupitia vifungu vilivyobaki. Wakatenganisha kuongeza, kuondoa na kurekebisha. Kurekebisha ni kuondoa kwanza kinachoipinga habari mpya, ndipo uiingize. Na usipoteze zaidi ya inavyolazimu.

Ila mantiki yenyewe haichagui cha kuachwa. Inahitaji daraja: kauli ipi imeshikiliwa kwa nguvu kuliko ipi. Daraja hilo huwekwa na watu, na kwa maoni yangu ni kosa kubwa kuliacha limefichika ndani ya programu. Kwa silikanti, uchunguzi wa miamba una uzito; kanuni ya jumla ndiyo dhaifu, nayo ndiyo inayoondoka. Umri wa visukuku hauguswi.

Wavuvi wa Tanzania walipoanza kuwanasa silikanti mwaka 2003, ilitosha kuongeza tu, kwa kuwa hakuna kilichopingwa.

Mwaka 1991 wanasayansi wa kompyuta Hirofumi Katsuno na Alberto Mendelzon walionyesha kwamba kurekebisha imani si sawa na kuandika kwamba dunia imebadilika. Hifadhi ya silikanti ya Tanga ilianzishwa mwaka 2009. Kauli ya 2008 kwamba haipo ilikuwa kweli kwa wakati wake, hivyo ibaki na tarehe yake. Ile ya 1937, kwamba silikanti wametoweka, haikuwa kweli hata siku ilipoandikwa.