Upimaji wa TSPO: Kuzipiga Picha Seli za Kinga za Ubongo

Upimaji wa TSPO, protini inayopatikana ndani ya seli, ni njia ya kupiga picha ubongo wa mtu aliye hai ili kujua seli zake za kinga zimekusanyika wapi na kwa wingi gani. Seli hizo huitwa mikroglia. Mhispania Pío del Río-Hortega alizitambulisha mwaka 1919, na kwa miongo mingi baada yake ili kuziona ilibidi ukate kipande cha ubongo, mara nyingi cha maiti, ukitazame kwa hadubini.

Mikroglia iliyotulia ina matawi membamba yanayopapasa eneo lake bila kukoma. Ikikutana na neva iliyojeruhiwa, au na mabonge ya protini ya amiloidi yanayoonekana katika ugonjwa wa Alzheimer, hubadilika umbo. Matawi hufupika, mwili wa seli hunenepa, kisha huanza kumeza taka na kumwaga kemikali za kuwaita wenzake. Kazi hiyo ni ya uokozi. Lakini ikiendelea miaka nenda miaka rudi, inaweza kuziumiza neva zilezile zilizokuwa zikilindwa. Huo ndio mchochota wa neva, na dalili zake zimeonekana katika Alzheimer, Parkinson, Huntington na maradhi mengine yanayoua seli za ubongo polepole.

TSPO yenyewe iko kwenye utando wa nje wa mitokondria, vijiwanda vya nishati vya seli. Katika ubongo wenye afya ni haba. Penye mchochota huongezeka. Watafiti hutafuta kemikali inayonasa kwenye protini hiyo, huipachika atomu nururifu, kisha mgonjwa hudungwa kiasi kidogo mno mshipani. Kemikali ya mwanzo iliyotumika sana ni PK11195, iliyobeba kaboni-11. Unururifu wa kaboni-11 hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 20 hivi, kwa hiyo kemikali hiyo lazima itengenezwe palepale au jirani kabisa na chumba cha kipimo. Zilizofuata, kama DPA-714, hubeba florini-18, ambayo hupungua kwa nusu kwa takriban dakika 110.

Mgonjwa hulala bila kutikisika, kichwa kikiwa ndani ya pete ya vipokezi. Atomu nururifu inapovunjika hutoa positroni, chembe iliyo kinyume cha elektroni, nayo haifiki mbali kabla ya kukutana na elektroni. Zote mbili hutoweka papo hapo, na miali miwili ya gama huchomoka kuelekea pande zinazopingana. Vipokezi viwili vikipokea kwa wakati mmoja, kompyuta hujua kwamba tukio limetokea mahali fulani kwenye mstari unaoviunganisha. Kwa mamilioni ya mistari hiyo, ramani ya ubongo hujitokeza. Mwaka 2001, watafiti walichapisha katika jarida la The Lancet picha za namna hii za wagonjwa wa Alzheimer, na hata maeneo yanayohusika na kumbukumbu yalionekana kung'aa kuliko kawaida.

Hapa ndipo watu wengi huisoma picha vibaya. Eneo linalong'aa huambiwa "mchochota", kana kwamba madhara yenyewe yamepigwa picha. Kilichopigwa picha ni protini. Ni sawa na kuhesabu sare za askari uwanjani: idadi unaipata, ila kama wanalinda au wanapora, sare haisemi. Tena TSPO haimo kwenye mikroglia pekee. Seli za astrosaiti, ambazo husaidia neva, na za kuta za mishipa ya damu zinayo pia. Na ingawa katika panya mikroglia iliyoamshwa huongeza TSPO yake, kwa binadamu ushahidi unaelekea kuonyesha kwamba mwanga mkali hutokana zaidi na wingi wa seli.

Kuna na tofauti ya kurithi. Herufi moja tu ya jeni ya TSPO ikibadilika, kemikali mpya nyingi hushindwa kunasa vizuri. Takriban mtu 1 kati ya 10 wenye asili ya Ulaya amerithi badiliko hilo kwa wazazi wote wawili, na picha yake inaweza kuonekana hafifu hata kama ubongo unawaka mchochota. Ndiyo maana washiriki wa utafiti hupimwa jeni kwanza.

Kwa sababu hizo, kipimo hiki ni cha utafiti zaidi, hasa kufuatilia kama dawa ya majaribio inazituliza seli. Binafsi naona matumaini makubwa zaidi yako kwenye shabaha nyingine zinazotafutwa sasa, yaani protini nyingine za mikroglia kama CSF1R, na P2Y12, ambayo hujaa kwenye mikroglia zilizotulia na kupungua zinapoamka. Picha ya P2Y12 ikisomwa pamoja na ya TSPO, huenda mtafiti akaweza kutenganisha seli zilizoongezeka na seli zilizobadilika tabia.