Mishipa ya fahamu si nyaya za umeme

Wengi tulifundishwa kwamba mishipa ya fahamu ni kama nyaya za umeme: ubongo ukiamuru, mkono unasogea papo hapo. Sivyo hasa. Mwaka 1850 mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz alipima neva, yaani mshipa wa fahamu, ya chura, akapata kasi ya mita 27 hivi kwa sekunde, ndogo mno kuliko ya umeme wa waya.

Isitoshe, seli nyingi za neva hazigusani. Ujumbe huvuka mwanya kati yake kwa kemikali. Mwanasayansi Otto Loewi alilithibitisha hilo mwaka 1921 kwa jaribio ninalolistaajabia hadi leo: alichochea neva ya moyo wa chura, mapigo yakapungua, kisha akahamishia majimaji ya moyo huo kwenye moyo wa pili. Nao ukapunguza mapigo, bila neva yake kuchochewa.